Uvivu Katikati ya Picha: Kisa cha Otto Dix na Vichwa Saba vya Dhambi

Aprili 1933, profesa mmoja wa uchoraji katika Chuo cha Sanaa cha Dresden, Ujerumani, alifukuzwa kazi. Hitler alikuwa hajamaliza hata miezi mitatu tangu ashike ukansela. Barua ya kumfukuza profesa ilitaja makosa mawili: baadhi ya picha zake zinaudhi vibaya maadili ya Wajerumani, na nyingine zinaweza kulegeza ari ya taifa ya kujihami. Aliyeandikiwa alikuwa Otto Dix, mtu wa miaka 41, askari wa zamani aliyerudi vitani na nishani ya Msalaba wa Chuma na kovu shingoni. Kama kuna mtu aliyejua bei ya kujihami, ni yeye.

Mwaka huohuo Dix alichukua ubao wa urefu wa karibu sentimita 180 na upana wa 120, akachora juu yake vichwa saba vya dhambi, yaani zile dhambi saba kuu za mafundisho ya Kanisa. Ubao huo sasa uko katika jumba la sanaa la Karlsruhe. Watu wengi wakiutazama hukimbilia kumtafuta Hitler, kwa maana yumo. Mimi naomba msomaji asikimbilie huko. Atazame kwanza ni dhambi gani imewekwa katikati, kisha tujiulize kwa nini mchoraji aliyekuwa amepoteza kazi, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 6 wasio na kazi, aliipa nafasi hiyo dhambi ambayo maskini hutupiwa kila siku: uvivu.

Miguu inayopita

Dix hakuuona umaskini kupitia dirisha la gari. Alizaliwa Desemba 1891 huko Untermhaus, karibu na mji wa Gera. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha chuma, mama yake mshonaji wa nguo. Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alikwenda mwenyewe, akashika bunduki ya rashasha, akapigana Somme huko Ufaransa na upande wa mashariki. Alivyorudi alikuta barabara za miji zimejaa wenzake wasiokuwa na mikono, miguu, taya.

Mwaka 1920 aliwachora. Picha moja ya mwaka huo ni ya muuza viberiti. Mtu kipofu, mikono na miguu yake imekatika, ameketi kando ya barabara na kofia ya askari kichwani na sinia la viberiti. Maneno yanamtoka kinywani yakiwa yameandikwa kwenye picha: viberiti, viberiti halisi vya Sweden. Wateja hatuwaoni nyuso. Tunaona miguu tu, ya suruali iliyopigwa pasi na ya viatu vya kike vyenye visigino, ikiondoka kwa haraka kila upande. Aliyebaki naye ni mbwa mdogo mrefu wa tumbo, ambaye ameinua mguu na kumkojolea.

Mchoraji mwingine angemchora muuza viberiti akiwa na uso wa kuhuzunisha ili tumwonee huruma. Dix hana muda huo. Kilichomshughulisha ni ile miguu, na anajua kwamba mtazamaji naye ana miguu kama hiyo, na amefika kwenye jumba la sanaa akiwa amevaa viatu.

Kisha fedha yenyewe ikafa. Novemba 1923 dola 1 ya Marekani ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Mjane aliyeishi kwa akiba au kwa pensheni ya mumewe aliyekufa vitani alijikuta hana chochote. Mwenye kiwanda, mwenye ardhi, na hasa mwenye deni kubwa benki, alilipa deni lake kwa makaratasi na kubaki na mali. Ujerumani iliyotoka katika mwaka ule ilikuwa na matajiri wapya ambao hawakuona haya na maskini wapya ambao hawakuwa wamezoea.

Ndiyo hali inayoonekana katika *Jiji Kubwa*, kazi ya 1927 na 1928 iliyoko Stuttgart. Ni picha ya vipande vitatu, upana wake ni karibu mita 4, imeundwa kama zile picha za altareni katika makanisa ya zamani. Katika altare, kipande cha katikati hukaa Kristo au Mama Maria, na pembeni husimama watakatifu. Dix katikati ameweka bendi ya jazi: saksafoni, bibi mwenye pepeo kubwa la manyoya ya mbuni la kujipepea, watu wanacheza dansi ya Charleston kwenye sakafu inayong'aa. Pembeni kushoto kuna askari mwenye miguu ya mti na magongo, mbwa anambwekea, makahaba wa bei ya chini wanamtazama, na mtu mwingine amelala juu ya mawe ya barabara. Pembeni kulia makahaba wa bei ya juu wanashuka kwa msafara wamevaa manyoya, na chini ya mapambo ya jengo amekaa ombaomba asiye na miguu. Watakatifu wa Dix ni hao.

Hakuna dhambi iliyotajwa kwa jina katika *Jiji Kubwa*. Ulafi, uzinzi na majivuno wote wamo, wanacheza, wana furaha kweli. Na hapa pana jambo la kumpa Dix haki yake na pia la kumshika nalo: alichora furaha ile vizuri kwa sababu aliipenda. Alikuwa mcheza dansi hodari, alivaa kimaridadi kwa mtindo wa Kimarekani, na aliishi kwa kuwachora madaktari na mawakili wenye uwezo wa kulipa. Ukumbi ule wa katikati alikuwa na tiketi yake.

Orodha iliyotoka jangwani

Waliofundishwa katekisimu ya Kikatoliki kwa Kiswahili wanaijua orodha: majivuno, uchoyo, uzinzi, kijicho, ulafi, hasira, uvivu. Wengine husema wivu badala ya kijicho, wengine husuda. Vinaitwa vichwa kwa kuwa kila kimoja kinaburuta mkia wa dhambi nyingine nyuma yake.

Orodha haikutoka katika Biblia ikiwa imepangwa hivyo. Ilitoka katika jangwa la Misri, karne ya nne, kwa mmonaki Evagrius wa Ponto aliyefariki mwaka 399. Yeye alihesabu mawazo mabaya manane yanayomvamia mtu aliye peke yake. Miaka mia mbili baadaye Papa Gregori Mkuu akaipanga upya, na tangu hapo ndiyo tunahesabu saba.

Ninachotaka kukishika ni kile ambacho Evagrius alikiita *akedia*, ambacho kwetu kimeishia kuitwa uvivu. Alikieleza kama pepo wa mchana. Jua limesimama, siku haiendi, mmonaki anachungulia nje, moyo wake umekuwa mzito, hajali tena lililomleta jangwani. Hakuna aliyemlaumu kwa kutolima shamba la bwana. Kosa ni moyo kukataa kujali. Na katika meza iliyochorwa dhambi saba kwa jina la Hieronymus Bosch, mchoraji wa kale wa Uholanzi, inayotunzwa katika jumba la sanaa la Prado huko Madrid, mvivu ni mtu aliyeshiba, anasinzia kwenye kiti karibu na moto, mtawa amemletea rozari na yeye hana habari. Huyo mvivu ana nyumba, ana kuni, na mbwa wake amejikunja kando.

Lini basi mvivu akawa yule asiye na nyumba? Jibu ni refu, lina viwanda ndani yake, lina sheria za kuwakamata wazururaji, na sisi tuna kipande chetu. Serikali ya Kijerumani katika Afrika Mashariki ilikuwa na msemo wa kumwelimisha Mwafrika kufanya kazi, kana kwamba watu waliokuwa wakilima chakula chao walikuwa wamelala. Kodi ilitozwa ili watu wasukumwe mashambani, pamba ililimwa kwa viboko, na mwaka 1905 watu wa kusini wakajibu kwa Maji Maji. Neno moja, uvivu, lilibeba mzigo huo wote.

Ubao wa 1933

Sasa tuutazame ubao. Dix aliuchora kwa ufundi wa kale, tabaka nyembamba za rangi zikipandishwa moja juu ya nyingine juu ya mbao, kama walivyofanya mafundi wa Kijerumani miaka mia nne kabla yake. Mchoro unameremeta. Ukiwa mbali unaweza kudhani ni kazi ya zama za Luther, mpaka usogee.

Katika meza ya Madrid kila dhambi ina chumba chake. Mlafi anakula kwake, mwenye hasira anapigana kwake, na katikati lipo jicho la Mungu linalowatazama wote. Dix ameondoa vyumba na ameondoa jicho. Dhambi zimetoka nje, zimeungana, zinakuja mbele kwa msafara kama watu wa kanivali wenye vinyago.

Anayetangulia ni bibi kizee aliyepinda mgongo hadi karibu chini, ananyakua fedha. Huyo ni uchoyo. Mgongoni mwake amepanda kijitu cha kimo cha mtoto, kimevaa kinyago chenye uso wa Hitler. Hicho ni kijicho. Nitakirudia kinyago hicho mwishoni. Nyuma kuna hasira yenye pembe, na uzinzi akiwa mwanamke anayejitikisa kwa dansi chafu. Majivuno ni kichwa kikubwa mno ambacho mdomo wake umechorwa kama tundu la haja kubwa, yaani kinachotoka humo tumekwisha kujua ni nini kabla hakijasema. Ulafi amejivika chungu kichwani.

Mpangilio wa wawili wa mbele unastahili kukaliwa kidogo. Dix angeweza kumfanya Hitler kuwa hasira, au majivuno, na kila mtu angekubali. Amemfanya kijicho, yule anayeumwa na kizuri cha mwenzake, na amempa mgongo wa kubebwa. Mtoto wa mgongoni hafiki popote kwa miguu yake. Tarehe 20 Februari 1933 wakubwa zaidi ya ishirini wa viwanda na biashara, Krupp, mwenye viwanda vya chuma na silaha, akiwemo, waliitwa kwenye makazi ya Hermann Göring, mmoja wa wasaidizi wakuu wa Hitler, mjini Berlin, wakamsikiliza Hitler, kisha ikaahidiwa michango ya marki zipatazo milioni 3 kwa ajili ya uchaguzi. Ulikuwa mkutano wa siri, ukaja kuzungumzwa waziwazi baada ya vita katika kesi za Nuremberg, walikoshtakiwa wakubwa wa utawala wa Hitler. Dix hakuhitaji kuhudhuria. Alimchora mbebaji na mbebwa.

Na katikati ya ubao, juu ya hao wawili, amesimama mwenye vazi la kiunzi cha mifupa na mundu wa mpini mrefu. Mtu yeyote angesema ni Mauti. Kwa hesabu ya dhambi saba, huyo ndiye uvivu. Mikono yake, miguu yake na ule mundu vimetanuka kwa namna ambayo wachambuzi wengi wameona ndani yake umbo la swastika, ule msalaba uliopindwa ncha wa chama cha Hitler, na mimi nikishaliona siwezi tena kutoliona.

Nani mvivu?

Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba Dix anawashtaki Wajerumani wa kawaida, waliokaa na kutazama wakati nchi inachukuliwa. Naikubali, lakini naona imekwenda nusu njia. Inamsahau yule aliyekuwa akiitwa mvivu mwaka uleule.

Kufikia majira ya baridi ya 1932 kuingia 1933 posho za wasio na kazi zilikuwa zimekatwa mara baada ya mara na serikali zilizotangulia. Watu walioachishwa viwandani walisimama barabarani. Utawala mpya uliwaita wakwepa kazi. Septemba 1933 ulifanya msako wa wiki nzima nchi nzima dhidi ya ombaomba, na makumi ya maelfu wakakamatwa. Baadaye, mwaka 1938, zaidi ya watu 10,000 waliobandikwa jina hilohilo la wakwepa kazi walipelekwa katika kambi za mateso, wengi wakiwa na pembetatu nyeusi kifuani.

Septemba hiyohiyo ya 1933, Dresden ilifungua maonyesho ya kuidhihaki sanaa iliyoitwa potofu. Miongoni mwa picha zilizotundikwa ili watu wazizomee ilikuwepo ile ya Dix ya 1920 ya askari vilema wanaotembea barabarani kwa miguu ya mti na viti vya magurudumu. Serikali iliwakamata ombaomba wa nyama na damu mitaani, na ombaomba wa rangi ikawatundika ukutani wachekwe. Mwaka 1937 picha hiyo ilisafirishwa hadi Munich, kwenye maonyesho makubwa zaidi ya aina ile, na kando yake yakawekwa maneno ya kumshtaki mchoraji kwa kuhujumu ulinzi wa taifa kwa brashi. Picha haikuonekana tena.

Ndiyo maana naiona nafasi ya uvivu katika ubao kuwa shtaka la kinyume. Serikali inasema mvivu ni yule aliyekaa chini kwa sababu hana miguu. Dix anasema mvivu amesimama wima, miguu yote miwili ipo, na ana zana ya kazi mkononi. Ni wale waliompita muuza viberiti. Amewarudisha kwa Evagrius na kwenye kiti cha mtu aliyeshiba karibu na moto, akawaonyesha moyo usiojali unakuwa na sura gani ukivuliwa nguo na nyama.

Ukutani nyuma ya msafara ameandika sentensi ya Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani: jangwa linakua, ole wake afichaye majangwa. Nietzsche alikuwa kipenzi cha watawala wapya pia, na Dix, aliyemsoma tangu ujana na kwenda naye vitani, bila shaka alifurahia kumnyang'anya mikononi mwao. Ila mimi huvutwa zaidi na lile jangwa. Orodha ya dhambi ilizaliwa jangwani kwa watu waliokimbilia huko kuutafuta moyo safi. Katika ubao huu jangwa limewafuata watu mjini.

Kiti cha mchoraji

Anayeandika kisa hana budi kumhoji na shujaa wake. Ubao ulichorwa 1933, nani aliuona? Haikuwezekana kuuonyesha hadharani. Dix aliondoka Dresden, akahamia na familia yake kusini, kwenye kasri la Randegg, mali ya aliyekuwa mume wa kwanza wa mkewe Martha, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameoa dada wa Martha. (Familia ilielewana, na kasri ni kasri.) Mwaka 1936 wakajenga nyumba Hemmenhofen, kando ya ziwa Bodensee. Alijiunga na chama cha wasanii kilichodhibitiwa na serikali, kwa kuwa bila uanachama huo asingeruhusiwa kuishi kwa sanaa. Na akachora vilima, theluji, miti, ziwa. Mandhari nzuri, za kuuzika.

Kuna wanaoona aibu hapo: mtu amewachora wenzake kama Mauti kwa kukaa kimya, kisha naye akakaa kimya kando ya ziwa kwa miaka kumi na miwili. Shtaka hilo si la kupuuzwa, na sidhani Dix mwenyewe angelipuuza. Lakini liwekwe kwenye mizani pamoja na mengine. Zaidi ya kazi 250 za Dix ziliondolewa katika majumba ya sanaa ya umma. Kati ya 1934 na 1936 bado alichora *Flandern*, picha ya askari waliozama katika tope la vita, wakati ambapo nchi ilikuwa inajiandaa kwa vita vingine. Novemba 1939, bomu lililotegwa Munich lilipomkosa Hitler, Dix alikamatwa na kuwekwa ndani kwa muda, ingawa hakuhusika. Mwaka 1945, akiwa na miaka 53, aliingizwa katika jeshi la mgambo lililokusanywa mwishoni mwa vita, akaangukia mikononi mwa Wafaransa na kushikiliwa Colmar hadi 1946.

Mimi nadhani alijiweka ndani ya ubao. Hakujichora uso, ingawa alipenda kujichora. Ila ule msafara haujielekezi pembeni ili tuutazame ukipita kama wale wa manyoya katika *Jiji Kubwa*. Unakuja mbele, na wa kwanza kusimama mbele yake, kabla ya mtazamaji yeyote wa Karlsruhe, alikuwa mtu mwenye brashi.

Kinyago nacho. Mwaka 1933 kijitu kilichopanda mgongo wa uchoyo kilikuwa na uso wa njano, wenye kununa, na juu ya mdomo hapakuwa na kitu. Aliyetaka kumtambua angemtambua. Aliyeulizwa na polisi angeweza kusema ni mtoto wa kanivali tu. Ubao ukakaa hivyo miaka yote ya utawala ule. Masharubu yale madogo ya mraba, ambayo leo kila mgeni wa jumba la sanaa huyanyooshea kidole kwanza, Dix aliyaongeza baada ya vita kwisha, Hitler akiwa amekwisha kufa.